Mawe ya Kaisari na Mawe ya Thimlich

Msomaji mpenzi, ukitoka mjini Homa Bay ukashika njia ya Rodi Kopany na Ndhiwa, au ukitoka mjini Migori ukaelekea kaskazini-magharibi, safari yako yaweza kukufikisha penye mwinuko wa ardhi uliojaa miti, na katikati ya miti hiyo utaona kuta za mawe. Kuta hizo huzunguka viwanja vipana. Nyingine zina kimo cha meta 1.5, na nyingine hupita meta 4; unene wake kwa kawaida ni kama meta 1. Hapana chokaa ndani yake, wala saruji, wala udongo wa kuunganishia. Jiwe limekaa juu ya jiwe kwa uzito wake na kwa akili ya aliyeliweka, na limekaa hivyo, kwa makisio ya wataalamu, tangu karne ya 16.

Mahali hapo huitwa Thimlich Ohinga. Katika lugha ya Kijaluo, thim ni pori au msitu, na lich ni jambo la kutisha. Ohinga ni boma la mawe. Basi jina lenyewe latuambia ya kwamba hapo zamani palikuwa na msitu mnene wa kuogofya, na ndani yake watu wakajenga boma.

Mtu aonapo jengo kubwa la kale, swali la kwanza limjialo ni hili: Ni mfalme gani aliyelijenga? Tumezoea kusoma ya kwamba kila kazi kubwa ina mtawala aliyeiamrisha. Swali hilo huko Thimlich halipati jibu. Hapana jina la mfalme lililohusishwa na ujenzi wa kuta zile, wala kaburi la fahari, wala sanamu, wala maandishi ya kusifu ukoo wa mtu. Watu wengine wakiona hivyo husema, "Kumbe hapakuwa na ustaarabu hapa." Nataka tuipime kauli hiyo, na ili tuipime vema yafaa twende kwanza mbali sana, katika nchi ambamo jengo la mawe lilikuwa na mfalme, jina, mwaka na gharama, vyote vimeandikwa.

Nchi hiyo ni Uchina. Usidhani ya kwamba Uchina na Afrika ya Mashariki hazikujuana zamani. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walifika Uchina wakiwa na zawadi ya twiga kwa Kaisari Yongle, yule aliyejenga kasri kuu ya Peking iliyokamilika mwaka 1420. Wachina walimwona twiga kuwa mnyama wa baraka, na sura ya twiga wa zama zile ilichorwa barazani kwa Kaisari. Lakini Kaisari ninayetaka kukusimulia alitangulia zama hizo kwa miaka 300. Jina lake ni Huizong, wa nasaba ya Song.

Huizong alizaliwa mwaka 1082 na kukalia kiti mwaka 1100. Mji wake mkuu ulikuwa Kaifeng. Watawala wengi hupenda sanaa kama mtu apendavyo chakula alichopikiwa na mwingine. Huizong alikuwa mpishi mwenyewe. Alichora ndege na maua kwa mkono wake, akabuni namna yake ya kuandika herufi kwa mistari myembamba mithili ya nyuzi za dhahabu. Iko picha ya korongo wakiruka juu ya paa la lango la kasri, tukio la mwaka 1112, ambayo mpaka leo imehifadhiwa katika makumbusho ya mkoa wa Liaoning. Aitazamaye huona anga ya samawati na mabawa meupe, akasahau ya kwamba mchoraji alikuwa na dola nzima ya kutawala.

Mwaka 1104 Huizong alifungua chuo cha uchoraji. Wanafunzi waliingia kwa mtihani. Inasimuliwa ya kwamba siku moja watahiniwa walipewa maneno yaliyosimulia farasi arudiye kutoka matembezini kwenye maua, na harufu ya maua imo katika kwato zake. Wengi wakahangaika kuchora maua. Aliyeshinda hakuchora ua hata moja. Alichora vipepeo wakimfuata farasi miguuni. Kaisari aliwataka wachoraji wake wafikiri kabla ya kutia kalamu katika wino. Kadhalika alikusanya kazi za wachoraji wa zamani, na orodha iliyotungwa mwaka 1120 yataja picha 6,396 za wachoraji 231. Hapana shaka ya kwamba sanaa ya Uchina ina deni kwa mtu huyu.

Sasa tuje kwenye mawe. Wachina wa zamani walipenda sana mawe yenye sura za ajabu, na yaliyosifika kupita yote yalitoka katika ziwa Tai, upande wa kusini wa dola. Maji ya ziwa huyala yale mawe ya chokaa karne kwa karne, yakayatoboa matundu na kuyatia mikunjo, hata jiwe moja likafanana na mlima mzima wenye mapango na vilele. Mtu aliliweka jiwe kama hilo bustanini kwake, akaketi akilitazama, na moyo wake ukasafiri milimani bila miguu kutoka nyumbani.

Huizong hakutosheka na jiwe moja wala kumi. Mwaka 1117 alianza kujenga bustani katika pembe ya kaskazini-mashariki ya mji wake. Mshauri mmoja wa dini ya Tao alikuwa amemwambia ya kwamba ardhi ya upande ule ikiinuliwa, Kaisari atajaliwa wana wengi. Basi ukajengwa mlima kwa mikono ya watu katika nchi tambarare. Ukatiwa mabonde, maporomoko ya maji, vibanda vya kupumzikia, miti ya matunda kutoka kusini, kulungu na ndege wa kila rangi. Bustani hiyo, iliyoitwa Genyue, ilikamilika mwaka 1122. Kaisari alitaka nchi yake yote ionekane mahali pamoja, kama picha, naye aweze kutembea ndani ya picha hiyo.

Mawe ya mlima ule yalitoka wapi, na yalifikaje? Hapo, msomaji, ndipo hadithi inapobadilika. Kazi ya kuyatafuta alipewa mtu wa Suzhou aitwaye Zhu Mian. Watumishi wake walizunguka katika miji na vijiji vya kusini. Wakiona jiwe au mti mzuri katika ua wa mtu, walilifunika kwa kitambaa cha manjano, rangi ya Kaisari, na tangu saa hiyo likawa mali ya Kaisari. Mwenye nyumba alitakiwa kulilinda. Likipata dosari, alishtakiwa kwa kumvunjia Kaisari heshima. Siku ya kulichukua ilipofika, kuta za nyumba yake zilibomolewa ili lipite. Mawe yalipakiwa katika majahazi yaliyofuatana kwenye Mfereji Mkuu kwenda kaskazini, na jiwe likiwa kubwa mno kupita, madaraja na malango ya mji yalivunjwa. Majahazi ya kupeleka nafaka yalishikwa yakabebeshwa mawe. Jiwe moja lililopita mengine kwa ukubwa lilipewa na Kaisari cheo cha heshima, kama apewavyo mkuu wa serikali. Wale waliolivuta hawakupewa cheo.

Mwaka 1120 watu wa kusini walichoka. Mtu mmoja aitwaye Fang La aliongoza uasi, na mojawapo ya manung'uniko aliyoyatangaza lilikuwa ni jina la Zhu Mian. Majeshi yaliuzima uasi huo mwaka 1121 kwa damu nyingi. Lakini majeshi hayo hayo yalihitajiwa kwingineko, kwa maana upande wa kaskazini walikuwa wakiinuka watu wa Jurchen. Mwishoni mwa mwaka 1125 walishuka. Huizong akaogopa, akamwachia mwanawe kiti, na mwanawe akaamuru Zhu Mian auawe. Walakini ilikuwa kuchelewa. Kaifeng ulizingirwa, na katika baridi kali ya majira yale bustani ya Genyue ilifunguliwa kwa watu wa mji. Miti ilikatwa kuwa kuni. Kulungu walichinjwa kuwa kitoweo cha askari. Yale mawe yaliyotolewa ziwa Tai kwa machozi yalivunjwavunjwa yakatiwa katika mitambo ya vita, yakarushwa juu ya adui. Mji ulianguka mwaka 1127. Kaisari mchoraji na mwanawe walichukuliwa mateka mpaka nchi za baridi za kaskazini, na huko Huizong akafa mwaka 1135. Bustani yake ilidumu miaka 5 tu tangu kukamilika.

Sasa turudi nyumbani, msomaji, na tuyatazame upya mawe ya Thimlich.

Mawe haya hayakupita mferejini. Yalikuwa yametapakaa juu ya ardhi ya pale pale, na watu waliyaokota na kuyabeba. Hayakuchongwa, mjenzi alilitafutia kila jiwe mahali palipofaa umbo lake. Ukuta ulijengwa kwa sehemu 3: uso wa nje wa mawe makubwa, uso wa ndani wa mawe makubwa, na katikati yake mawe madogo ya kujazia yaliyozishika nyuso mbili hizo zisiachane. Kwa kuwa hapana kitu cha kuunganishia, maji ya mvua hupita katika nafasi ndogo ndogo bila kujikusanya na kuusukuma ukuta. Jambo ambalo mgeni angelidhani ni upungufu, yaani kukosa chokaa, ni moja ya sababu za kuta zile kudumu.

Milango ni mifupi na myembamba, na juu ya mlango yamelazwa mawe marefu yanayobeba uzito wa ukuta. Aingiaye hana budi kuinama. Adui anayeingia kichwa kikiwa chini hawezi kurusha mkuki, na walinzi walio ndani humpokea wapendavyo. Ndani ya boma mlikuwamo nyumba na mazizi ya mifugo. Watu na ng'ombe walilala ndani ya ukuta mmoja, kwa kuwa ng'ombe walikuwa uhai wa watu, na wezi wa mifugo walikuwa wengi. Wachimbaji wa mambo ya kale wameona vigae vya vyungu, mawe ya kusagia nafaka, dalili za kazi ya mhunzi wa chuma, na ushanga wa kioo ambao haukutengenezwa pale, nao ni ushahidi wa biashara iliyofika mbali. Yako pia mashimo ya mchezo wa bao yaliyotobolewa katika mwamba. Basi waliojenga kwa hofu hawakukaa kwa hofu siku zote. Walipata wasaa wa kucheza, na bila shaka wa kubishana juu ya kete.

Thimlich ina maboma makubwa 4: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Asikilizaye Kijaluo hutambua mara moja ya kwamba Kochieng ni kwa Ochieng, na Koluoch ni kwa Oluoch. Ni majina ya wenye nyumba waliokaa humo, si ya wafalme. Wala waliokaa hawakuwa watu wa kabila moja tangu mwanzo mpaka mwisho. Hii ilikuwa nchi ya wahamiaji. Watu wa lugha za Kibantu na watu wa lugha za Kiniloti walifuatana katika nchi ya ziwa hili. Kundi moja lilihama, jingine likaingia, likazikuta kuta, likaziba palipobomoka na kuongeza lilivyohitaji. Aliyekuja hakuzibomoa kwa kuwa zilijengwa na mwingine. Wala Thimlich si boma la peke yake. Katika nchi hizi za Migori na Homa Bay wataalamu wamehesabu mabaki zaidi ya 500 ya kuta za namna hii. Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika kupita zote.

Hili laonyesha jambo kubwa. Maboma mengi namna hiyo hayawezi kuwa ubunifu wa mtu mmoja mwenye kipaji. Ilikuwa elimu ya watu wengi, iliyofundishwa na mzee kwa kijana, mkono kwa mkono, bila kitabu: jinsi ya kuchagua jiwe, jinsi ya kulikalisha, jinsi ya kuupa mlango nguvu. Huizong alifungua chuo na kuweka mtihani. Watu wa Thimlich nao walikuwa na mtihani wao. Ukuta ulioanguka usiku uliwapa alama asubuhi.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Ni rahisi kusema ya kwamba Huizong alikuwa mbaya na wajenzi wa Thimlich walikuwa wema, kisha tukafunga kitabu. Huizong hakukosa kwa kupenda uzuri. Picha zake zaishi, na mtoto wa Homa Bay azionapo leo aweza kujifunza kutazama ndege wa ziwani kwa makini zaidi. Wala hatujui ya kwamba huko Thimlich kila mtu alibeba jiwe kwa furaha. Mabega yaliuma, na mzigo wa mwenye nguvu na wa mnyonge huenda haukulingana. Zaidi ya hayo, ukuta wa Thimlich wenyewe ni ushuhuda wa zama za mashaka, kwa maana watu wenye amani hawana haja ya kuta za meta 4.

Tofauti iliyo wazi ni hii: aliyebeba jiwe la Thimlich alilala nyuma yake usiku. Jiwe lilipolegea, yeye ndiye aliyeona, na yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kulirudisha. Aliyevuta jiwe la ziwa Tai hakuliona tena baada ya kulishusha. Lilimwacha na nyumba iliyobomolewa. Kwa hiyo siku ya dhiki ilipowadia, watu wa Kaifeng hawakuwa na uchungu na bustani ile. Waliiona kuwa kuni na nyama, nayo ikawa kuni na nyama. Uzuri uliopatikana kwa kumvunjia jirani ukuta haukupata mtu wa kuulinda.

Walakini hata Thimlich ilifika siku ya kuachwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walitoka ndani ya kuta wakajenga nje, katika boma la kawaida la Wajaluo, lililozungushiwa ua wa mnyaa badala ya mawe. Mpango wa nyumba na mazizi ulihifadhi mengi ya desturi ya zamani, bali kuta za mawe zilibaki zikiwa hazina mwenyewe. Miti ikaota ndani yake, mizizi ikasukuma mawe. Ukuta uliosimama kwa kutazamwa kila siku ukaanza kuanguka kwa kutotazamwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo waliouona ufa huo. Mwaka 1981 serikali ya Kenya iliitangaza Thimlich kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa, chini ya ulinzi wa Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2000 iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya majengo ya kale yaliyo hatarini, na baadaye kazi ya kurudisha kuta zilizoanguka ikafanywa. Mwaka 2018 Shirika la UNESCO liliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na mahali pengine panaposifika ulimwenguni, yakiwamo makasri ya Uchina. Ukuta usio na jina la mfalme ulikaa katika safu moja na kasri ya wafalme.

Lakini, msomaji, sheria na orodha haziwezi kulala nyuma ya ukuta. Yale mabaki mengine yaliyotawanyika katika mashamba na vilima vya nchi hii hayana mlinzi mlangoni. Huenda moja liko karibu na shule yako, na watu hupita wakiona chungu ya mawe tu. Mtu ahitajiye jiwe la msingi wa nyumba huchukua moja. Kesho mwenzake huchukua la pili. Na bandu bandu huisha gogo. Hakuna Zhu Mian anayekuja na kitambaa cha manjano. Mharibifu ni jirani mwema asiyejua ashikacho.

Kwa hiyo nakuomba ufanye mambo mawili. La kwanza, mwulize mzee wa kwenu kama yupo aijuaye ohinga iliyo karibu, ilikuwa ya nani, na nani alikaa humo; andika akwambiayo, tarehe na jina lake, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. La pili, uende Thimlich ukaone kwa macho yako. Ukifika usipande juu ya ukuta, wala usichukue jiwe kuwa kumbukumbu. Utakapofika mlangoni utalazimika kuinama, kama alivyoinama Ochieng arudipo malishoni, na kama alivyoinama mkewe akiwa na mtungi wa maji, na kila mtoto aliyekwisha kurefuka. Hakuna aliyejengewa mlango wake wa kupita wima.